Taa ya Chaji Iliyonyamaza: Kisa cha R80 Iliyokuwa Ikizima Kila Jioni

Pikipiki inayochambuliwa hapa ni BMW R80 ya 1986. Asubuhi inawaka ukigusa tu stata, inatoka Lang'ata hadi katikati ya jiji la Nairobi bila tatizo lolote. Jioni mambo hugeuka. Baada ya nusu saa ya kubanana na matatu kwenye Uhuru Highway, ikikaribia mzunguko wa Nyayo, indiketa zinaanza kupepesa polepole, honi inafifia, kisha injini inakosakosa mpaka inazima. Ukigusa stata unasikia "tik" moja, basi. Betri ikichajiwa usiku kwa chaja ya ukutani, kesho yake asubuhi pikipiki ni nzima kana kwamba haikuwahi kuugua.

Hali hiyo iliendelea kwa miezi mitatu na kumaliza betri mbili. Mafundi watatu waliishika. Wa kwanza alisema betri imekufa, na kweli ilikuwa imekufa, kwa hiyo ikanunuliwa nyingine. Wa pili alisema ni msongamano: injini ikinguruma tu bila kusogea, altaneta, yaani kizalishi cha umeme wa pikipiki, haichaji. Hilo nalo lina ukweli. Wa tatu alikaribia jibu kuliko wenzake. Aliwasha ufunguo pikipiki ikiwa bado ya moto, akaona taa nyekundu ya chaji haiwaki, akasema balbu imeungua. Akaibadilisha. Kesho yake asubuhi taa ikawaka vizuri, kila mtu akaridhika, na jioni pikipiki ikazima palepale.

Ugumu wa kisa hiki ni kwamba mambo matatu hufika pamoja jioni ya Nairobi. Injini ina joto jingi, mizunguko ya injini ni midogo kwa sababu ya foleni, na kuanzia saa kumi na mbili na nusu hivi giza linaingia na taa kubwa lazima iwake. Lolote kati ya hayo linaweza kuchosha betri. Anayetaka jibu la kweli sharti ayatenganishe, apime moja moja.

Kwanza mashine yenyewe

R80 ya miaka hii, yenye mkono mmoja tu unaoshika gurudumu la nyuma, ina injini ya silinda mbili zilizolala, moja kulia na moja kushoto, zinazopozwa kwa hewa. Mpangilio huo BMW imekuwa nao tangu R32 ya 1923. Ujazo ni cc 797.5: kipenyo cha silinda ni mm 84.8 na mwendo wa pistoni ni mm 70.6. Ukandamizaji ni 8.2 kwa 1, kiasi cha upole kinachoisaidia kuvumilia petroli ya kawaida. Nguvu ni hp 50 kwenye mizunguko 6,500 kwa dakika. Ina kabureta mbili za Bing za mm 32, gia tano, na shafti badala ya cheni. Tangi ni lita 22, na uzito ukiwa na mafuta ni kilo 210 hivi.

Neno moja kwa anayeenda kutafuta spea. Injini hii duniani huitwa boksa, lakini ukisema "boksa" kwenye maduka ya Kirinyaga Road utapewa spea ya Bajaj Boxer, pikipiki ya silinda moja ya bodaboda. Taja BMW, taja R80, taja mwaka, na ubebe kifaa cha zamani mkononi.

Sehemu inayotuhusu ni altaneta. Ni ya Bosch, wati 280, yaani ampea 20 kwa volti 14. Haizungushwi kwa mkanda kama ya gari. Rota yake, yaani sehemu inayozunguka, imefungwa moja kwa moja kwenye pua ya kranki, mbele ya injini, nyuma ya kifuniko cha alumini. Mpango huu ulikuja na familia ya pikipiki za BMW ziitwazo /5 mwaka 1969. Kwa sababu hakuna mkanda wa kuongeza kasi, injini ikizunguka mara 1,000 rota nayo inazunguka mara 1,000 tu. Altaneta ya gari, kwa puli yake ndogo, ingekuwa imezunguka mara mbili au zaidi. Kwa hiyo chini ya mizunguko 1,500 hivi, pikipiki hii ikiwa imewasha taa kubwa inakula zaidi ya inachozalisha. Hapo fundi wa pili hakukosea.

Ila hesabu yake haifiki. Taa kubwa ya chini ni wati 55. Ongeza taa ya nyuma, za dashibodi na mfumo wa kuwasha plagi, utafika ampea 8 au zaidi kidogo. Betri nzima ya Ah (ampea-saa) 25, hata kama altaneta haitoi chochote, ingebeba mzigo huo zaidi ya saa moja kabla ya injini kuanza kukosa. Foleni ya Uhuru Highway pekee, ambapo altaneta bado inatoa kitu kila ukivuta mafuta, haiwezi kuimaliza betri mpya kwa nusu saa. Ili hilo litokee, betri lazima iwe ilianza safari ya kurudi ikiwa nusu tupu, na altaneta iwe haitoi kabisa. Maana yake, hata asubuhi, kipande cha mwisho cha safari kilikuwa kinaendeshwa na betri, na mwenye pikipiki hakujua kwa sababu kulikuwa na mwanga na injini haikudai zaidi.

Vipimo vya kwanza

Multimita ya kawaida inatosha, ikiwekwa kwenye vichwa vya betri vyenyewe, si kwenye waya zilizo mbali. Injini ikiwa baridi, taa kubwa imewashwa, mizunguko 3,500, mita ilisoma volti 13.8. Injini ikinguruma tu, 12.4. Hali hiyo ni ya kawaida kwa mashine hii.

Kisha ikaendeshwa dakika arobaini, ikarudi ikiwa ya moto. Mizunguko ileile 3,500: volti 12.1, na tarakimu zinashuka unapozitazama. Kupandisha mizunguko hadi 4,500 hakukubadilisha kitu. Kipimo hiki kimoja kiliondoa hoja ya msongamano, kwa sababu kama tatizo lingekuwa mizunguko midogo, kuvuta mafuta kungeipandisha volti. Taa kubwa nayo ikazimwa, na volti bado haikupanda. Kikabaki kisababishi kimoja kati ya vile vitatu, yaani joto.

Hapo ndipo taa nyekundu ilipopaswa kusikilizwa. Wengi huiona taa ya chaji kama kengele tu: ikiwaka kuna shida, isipowaka kuna amani. Kwenye altaneta hii taa ni sehemu ya mzunguko wa umeme. Ukiwasha ufunguo, umeme unatoka kwenye betri, unapita ndani ya balbu, unaingia waya wa buluu hadi regyuleta (kidhibiti cha volti), unatoka kwa waya mweusi hadi brashi ya kwanza (kipande cha kaboni kinachogusa pete ya rota), unazunguka ndani ya koili ya rota, unatokea brashi ya pili na kuishia kwenye mwili wa injini. Umeme huo mdogo ndio unaoipa rota sumaku ya kuanzia. Altaneta ikishaanza kuzalisha, volti za pande mbili za balbu hulingana na taa huzima.

Sasa fikiria koili ya rota ikatike. Umeme hauna pa kupita, kwa hiyo balbu haiwezi kuwaka, injini iwe imezima au inazunguka. Chaji imekufa kabisa na dashibodi ni nyeusi, tulivu. Hii ndiyo hitilafu ya kawaida zaidi kwenye altaneta hizi, na haitoi onyo njiani. Kanuni yake ni rahisi, na kila mwenye mashine ya aina hii aikariri: ufunguo ukiwashwa na injini imezima, taa ya chaji lazima iwake. Isipowaka, usiondoke. Chanzo ni balbu, soketi yake, waya wa buluu, plagi ya regyuleta, regyuleta yenyewe, brashi, au rota.

Fundi wa tatu aliiona ishara hiyo, akaikomesha kwenye balbu. Kilichomponza ni kwamba wakati anamaliza kazi pikipiki ilikuwa imepoa. Rota ilijiunga tena yenyewe, taa ikawaka, na balbu mpya ikapewa sifa isiyo yake. Hitilafu inayokuja na joto hupimwa kukiwa na joto. Angeiwasha ile balbu ya zamani kwa waya mbili kwenye betri, angeona ni nzima.

Kwa kuwa tumetaja balbu: usiweke ya LED hapo. Inapitisha umeme kidogo mno, rota haipati sumaku ya kutosha, na chaji inachelewa kuanza au haianzi. Kama lazima iwe LED, pachika kinzani sambamba nayo.

Kutafuta mkatiko bila kufungua

Regyuleta iko chini ya tangi. Plagi yake ina waya tatu: wa buluu (D+), mweusi (DF) na kahawia (D-). Plagi ikichomolewa, unaweka mita ya omu kati ya waya mweusi na mwili wa injini. Kwa njia hiyo unapima brashi zote mbili na rota kwa pamoja. Rota ya wati 280 ina omu 3.4 hivi ikiwa baridi. Kupitia brashi utasoma kidogo zaidi.

Pikipiki ikiwa baridi mita ilisoma 3.9. Ikiwa ya moto ilisoma 60, ikaruka hadi 200, ikarudi, kisha ikaonyesha mkatiko kamili. Usomaji wa kurukaruka bado unaweza kuwa wa brashi iliyokwama, kwa hiyo kifuniko kilibidi kitoke.

Kabla hakijaguswa, waya hasi wa betri unaondolewa. Hili halina mjadala. Nyuma ya kifuniko kuna bodi ya daiodi, inayogeuza umeme wa altaneta uweze kuchaji betri, na juu yake waya mnene mwekundu wenye umeme wa betri hata ufunguo ukiwa mfukoni. Kifuniko kikiinama kidogo wakati wa kutoka kinaugusa, cheche inaruka, na daiodi zinakufa papo hapo. Watu wameingia na hitilafu moja wakatoka na mbili kwa kuruka hatua ya dakika moja. Waya hasi umefungwa kwenye gia boksi kwa boliti ileile inayoshika kebo ya spidomita. Boliti hiyo ni tupu ndani. Wakati wa kurudisha, ikaze kwa upole, maana hukatika kirahisi, na kipande kilichobaki kwenye gia boksi ni kazi ya jioni nzima.

Kifuniko kinashikwa na boliti tatu za alen. Kikishatoka, brashi zilionekana kwa macho: zilikuwa na urefu wa mm 12, zinateleza vizuri kwenye vishikizi, spring zina nguvu. Brashi mpya ni mm 16 hivi, na zikifika 10 ni za kubadilisha. Hizi zilibaki. Pete mbili za shaba za rota zilikuwa nyeusi kidogo, zikapanguswa kwa kitambaa chenye tina (ya kuyeyushia rangi). Pete zikiwa na mafuta, tazama sili ya mbele ya kranki, iliyo nyuma ya rota, kabla hujalaumu brashi. Hapa ilikuwa kavu.

Brashi ziliinuliwa, mita ikawekwa kwenye pete mbili moja kwa moja: omu 3.5. Kati ya pete na mwili wa rota hakuna usomaji, ndivyo inavyotakiwa. Kisha rota ikapashwa joto palepale kwa draya ya nywele ya saluni, mita ikiwa mahali pake. Ilipanda taratibu: 3.7, 3.9. Hilo ni sawa, kwa sababu ukinzani wa shaba hupanda na joto, na rota nzima iliyofika nyuzi 80 husoma kama 4.2. Lakini hii ilipofika 4.0 ikaruka hadi mkatiko. Draya ikazimwa, na baada ya dakika kumi usomaji ukarudi 3.6. Ikarudiwa mara tatu, mara tatu jibu likawa lilelile. Baada ya hapo hapakuwa na haja ya kushuku regyuleta wala steta, ile sehemu ya altaneta isiyozunguka.

Kwa nini inakatika? Rota imekaa kwenye chumba kilichofungwa, mbele ya injini yenye joto, na kwenye foleni hakuna upepo wa kuondoa joto hilo. Waya wa koili umezamishwa kwenye gundi ngumu. Shaba na gundi havipanuki kwa kiasi kimoja. Maelfu ya mara za kupata moto na kupoa huchosha waya, hasa mahali unapopinda kuingia kwenye pete. Ukishapasuka, ncha zake hugusana zikiwa baridi na kuachana zikiwa na moto.

Kuitoa na kuisuka upya

Rota imekaa kwenye pua ya kranki yenye umbo la koni, na boliti moja ya alen inaishika katikati. Boliti ikitoka, rota haitoki. Inahitaji boliti maalumu ya chuma kigumu, yenye ncha nyembamba inayosukuma kranki huku uzi wake ukivuta rota. Usiitengeneze kwa msumari wala kipande cha boliti ya kawaida: chuma laini hujikunja na kupanuka ndani ya kranki, na hapo hutoki bila kutoboa. Vilevile usipige rota kwa nyundo wala kuibana pembeni kwa pula ya mikono miwili, pete zitapasuka. Kwanza steta inatolewa. Inashikwa na boliti tatu, na inatoka kwa kuchezeshwa kidogo kidogo, huku waya zake za bodi ya daiodi zimechomolewa na kuwekwa alama.

Rota mpya ingeagizwa kutoka nje na kusubiriwa. Nairobi ina mafundi wengi wanaosuka mota za pampu na altaneta za malori, na kazi hii wanaiweza wakielezwa vizuri. Waliohusika walipewa masharti manne kwa maandishi. Waya uwe wa unene uleule na mizunguko ileile, waihesabu wakati wa kufumua. Matokeo yawe omu 3.4, yasipungue, maana ukinzani ukishuka umeme wa rota unazidi ampea 4 na kuichosha regyuleta, na ukipanda sana sumaku inadhoofika. Koili ifungwe kwa gundi ya epoksi inayovumilia joto, si vanishi peke yake, kwa kuwa rota hii inazunguka mara 7,000 kwa dakika. Na epoksi isivimbe nje ya chuma, kwa sababu nafasi kati ya rota na steta ni ndogo sana.

Ilirudi ikiwa na omu 3.4. Ikapashwa kwa draya kabla ya kufungwa, ikapanda hadi 4.1 bila kuruka. Hatua hiyo ya kupima kwa moto mezani ni muhimu kuliko zote. Usipokee rota iliyosukwa kwa usomaji wa baridi peke yake.

Wakati wa kufunga, koni ya kranki na ya rota zilisafishwa kwa tina hadi zikauka kabisa, bila grisi wala mafuta. Boliti ilikazwa kwa Nm 25. Injini ikazungushwa kwa mkono kabla ya kifuniko, sikio likiwa karibu, kusikiliza kama kuna mkwaruzo kwenye steta.

Jambo la pembeni lililoonekana: mipira miwili kati ya ile inayoshika bodi ya daiodi ilikuwa imepasuka. Bodi ikining'inia waya zake za kurudi kwenye mwili hulegea, chaji hupungua, na taa nyekundu huwaka kwa mbali injini ikizunguka. Hapa haikuwa chanzo, lakini kifuniko kikishakuwa nje ni makosa kuiacha. Ikawekwa mishikio ya chuma, na waya za mwili zikasafishwa kwa msasa.

Baada ya kazi

Baridi, mizunguko 3,500, taa kubwa imewashwa: volti 14.0. Baada ya saa nzima ya safari ya jioni: 13.9. Injini ikinguruma tu kwenye foleni ilisoma 12.5, na taa nyekundu inapepesa kwa mbali. Hiyo ni tabia ya mashine, si ugonjwa. Mizunguko ya kusimama iliwekwa 1,050 badala ya 750 iliyokuwepo, na kwenye foleni ndefu hilo linasaidia kuliko betri kubwa. Kando ya spidomita ikapachikwa volti mita ndogo, kwa kuwa taa ya chaji haiwezi kutangaza hitilafu inayoikata yenyewe.

Betri ya pili, iliyokuwa imeshushwa hadi chini mara nyingi, ilipimwa kwa kupiga stata: ikaanguka hadi volti 9.1. Haikurudishwa. Betri ya risasi ikikaa tupu sahani zake huota salfeti, na chaja haiwezi kuzirudisha zote.

Rota ilipofumuliwa kwenye karakana ya kusuka, mkatiko ulionekana sentimita moja chini ya pete ya nje, mahali waya unapopinda. Ncha zote mbili zilikuwa nyeusi, na zikiwekwa pamoja kwa vidole mita inalia.